Kuandaa kimbilio la viumbe wadogo katika akwariamu ya maji ya chumvi

Ukizima taa zote za akwariamu ya maji ya chumvi, ukasubiri saa moja au mbili gizani, kisha ukaegemeza tochi kwenye kioo, utaona maisha ambayo mchana hayajitokezi. Chembe nyeupe, ndogo kama punje ya chumvi, hutambaa juu ya kioo, husimama ghafla, hugeuka na kuendelea. Katika nyufa za mawe hujitokeza viumbe wakubwa kidogo, wanaofanana na uduvi aliyepinda mgongo, nao hukimbilia kivulini mara tu mwanga unapowagusa. Wale wa kwanza ni kopepodi na hawa wa pili ni amfipodi. Baharini, samaki wengi wa miamba ya matumbawe huwategemea kwa chakula cha kila siku, na ndani ya tangi viumbe hao hao hula masalio ya chakula, utando wa mwani na taka zilizojificha mahali ambapo mkono wa mfugaji haufiki.

Makala hii inahusu namna ninavyoandaa refujiamu, yaani tangi au sehemu ya tangi iliyotengwa na samaki lakini inayotumia maji yale yale, ili viumbe hao wapate mahali pa kuzaliana bila kuliwa. Msimamo wangu ni kwamba mtu anapaswa kuamua mwanzoni kabisa kama anajenga shamba la mwani au anajenga makazi ya wanyama. Mambo hayo mawili hukaa pamoja vizuri kwa sehemu kubwa, lakini yanapogongana ni lazima moja lipewe kipaumbele. Maelezo mengi kuhusu refujiamu huanza na mwani: taa kali, maji yanayokwenda kasi, mavuno ya mara kwa mara na vipimo vya naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini kutokana na taka, vinavyoshuka. Mimi huanza na wanyama, na uamuzi huo hubadilisha karibu kila kitu kinachofuata.

Wazo lenyewe lina historia ndefu kiasi. Walter Adey, mwanasayansi wa Taasisi ya Smithsonian nchini Marekani aliyejenga mifumo midogo ya miamba ya matumbawe na kuisafisha kwa mwani badala ya vichujio vya kawaida, alikuwa miongoni mwa watu waliosisitiza mapema kwamba tangi linahitaji sehemu ambayo viumbe wadogo wanaweza kuishi mbali na walaji wao. Kwa bahati mbaya, sehemu ya mwani katika fikra hiyo ndiyo iliyoenea zaidi miongoni mwa wafugaji, huku ile ya wanyama ikibaki kutajwa kama faida ya ziada.

Kwanza ni vizuri kuwafahamu wakazi tunaowajengea. Kopepodi ni jamaa wa kamba na kaa, na si wote wanaofaa kwa kazi hii. Akina Tisbe hutambaa juu ya mawe, mchanga na vioo, na hata watoto wao hukaa kwenye nyuso hizo hizo badala ya kuelea, hivyo ni vigumu kuwamaliza. Akina Apocyclops huogelea zaidi, na watoto wao huelea majini ambako matumbawe na samaki wadogo huwapata kwa urahisi. Akina Parvocalanus huishi wakielea maisha yao yote. Ni chakula bora kwa samaki wachanga wanaofugwa katika chombo cha peke yao, lakini katika mfumo wenye pampu na vichujio hutoweka haraka. Kisha yuko Tigriopus californicus, anayeuzwa sana kwa sababu ni mkubwa na rangi yake nyekundu huonekana vizuri ndani ya chupa. Huyu hutoka katika vidimbwi vya miambani vya pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, ambako maji hupoa, hupata joto na kubadilika chumvi kwa saa chache. Ni mgumu kwelikweli, ila huogelea waziwazi na huliwa mapema, na joto lisilobadilika la tangi la matumbawe silo alilolizoea. Kwa hiyo mimi humtumia kama chakula cha kutia moja kwa moja, na msingi wa refujiamu huuweka juu ya Tisbe, nikimwongeza Apocyclops.

Mvute jike wa Tisbe kwa mrija wa kudondoshea dawa, mweke kwenye tone la maji juu ya kipande cha kioo, kisha mtazame kwa lenzi ya kukuza. Utaona mwili mpana mbele unaochongoka kuelekea nyuma, doa moja la jicho katikati ya kichwa, na mfuko mmoja wa mayai aliouning'iniza chini ya sehemu ya nyuma ya mwili. Jike wa Apocyclops hubeba mifuko miwili, mmoja kila upande, na kwa alama hiyo peke yake unaweza kujua ni yupi aliyeshika makazi. Mayai yakianguliwa, mtoto hupitia hatua 6 za uchanga, zinazoitwa nauplio, kisha hatua 5 za ujana kabla ya kukomaa, akijivua gamba kila anapovuka hatua. Amfipodi hawana safari hiyo ndefu, kwa sababu jike hulea mayai katika mfuko ulio chini ya tumbo, na watoto hutoka wakiwa tayari na umbo la wazazi wao. Nayataja haya kwa sababu yana matokeo ya moja kwa moja katika ujenzi. Amfipodi huhitaji nafasi na maficho tu; kopepodi huhitaji kwamba kila hatua, kuanzia nauplio asiyeonekana kwa macho hadi jike mwenye mayai, ipate chakula cha ukubwa wake na isipitishwe kwenye chujio kabla ya wakati.

Kuhusu mahali, njia ya kawaida ni kutenga chumba kimoja ndani ya tangi la chini, lile ambalo maji ya tangi kuu humwagikia kabla ya kurudishwa juu na pampu. Njia nyingine ni kuweka refujiamu juu ya tangi kuu ili maji yashuke yenyewe, na viumbe washuke nayo bila kupita kwenye pampu. Hofu kwamba pampu huwasaga wote imekuzwa mno. Kopepodi wadogo wengi hupita salama, na hatari huongezeka kadiri kiumbe anavyokuwa mkubwa, hivyo amfipodi ndio wanaoumia zaidi. Kama nafasi ya juu ipo na inaweza kubeba uzito, itumie. Kama haipo, chumba cha chini kinatosha, na hakuna sababu ya kukata tamaa. Kwa ukubwa, mimi hulenga angalau asilimia 10 ya ujazo wa tangi kuu, na zaidi ya hapo kila lita inayopatikana ni faida. Kinachozingatiwa hapa ni eneo la nyuso za kutambaa kuliko kina cha maji, kwa hiyo chumba kipana na kifupi hukifaa kizazi cha Tisbe kuliko chumba chembamba na kirefu.

Mwendo wa maji ndiyo hoja ya kwanza ambayo mwani na wanyama hugombania. Mwani hukua haraka maji yanapopita kwa kasi, kwa kuwa kila sekunde huletewa virutubisho vipya na hewa ya ukaa. Wanyama wanaoelea, kinyume chake, husombwa kabla hawajazaa. Mimi hufunga koki kwenye bomba linaloingiza maji katika refujiamu na kuirekebisha mpaka maji yake yote yabadilike takriban mara tatu hadi tano kwa saa, huku sehemu kubwa ya maji yanayoshuka kutoka tangi kuu yakipita kando. Jaribio rahisi ni kudondosha chembe chache za chakula kikavu mlangoni na kuzifuata kwa macho: zikivuka chumba chote kwa mstari mmoja na kutoka, kasi imezidi, zikizungukazunguka, nyingine zikatua, kasi inafaa. Mahali pa kutokea, tumia kizuizi cha kioo chenye ukingo mpana ili maji yatoke kama utando mwembamba kutoka juu. Kitundu kimoja chenye mvuto mkali huburuta kila kilicho karibu nacho na huziba kwa urahisi.

Sasa maficho, ambayo kwangu ni moyo wa kazi nzima. Vipande vya mawe ya matumbawe yaliyokufa, vyenye ukubwa wa kati ya sentimita 2 na 5, vilivyorundikwa kwa kina cha sentimita 10 hivi, hutengeneza mapango yasiyohesabika ambayo ndani yake taka hutua, bakteria hukua na amfipodi hulea watoto wao. Kipande kikiwa na vinyweleo vingi ni bora zaidi. Nisichopendelea ni kuweka mchanga laini wa kina kirefu katika chumba hiki. Najua sababu inayotolewa, nayo ni ya kweli: katika mchanga wa kina cha sentimita 10 au zaidi, tabaka za chini hukosa oksijeni, na bakteria wa huko hugeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayotoka majini. Lakini mchanga huo ukisongwa na taka kwa miaka, tabaka hizo huweza pia kuzalisha haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza iliyo sumu kwa samaki, na ukiutibua siku moja katika chumba kidogo, wanaodhurika kwanza ni wale uliowajengea. Mchanga wa sentimita 2 au 3 chini ya mawe unatosha kuwapa makazi minyoo na konokono wadogo, na unaweza kuutibua kidogo kidogo bila hofu.

Juu ya mawe hukaa mwani. Chaguo langu ni Chaetomorpha, unaokua kama bunda la nyuzi ngumu zilizosokotana. Haushiki mawe, hautoi mizizi, na ndani ya bunda lake wanyama hupata msitu wa kutambaa kutoka juu hadi chini. Caulerpa hukua haraka na hupendeza macho, lakini una tabia ya kuzaliana kwa wakati mmoja: mmea mzima hutoa mbegu zake majini, hugeuka mweupe na kuoza, ukirudisha kwenye maji virutubisho vyote ulivyokuwa umevihifadhi. Kuna sababu nyingine nzito ya kuuepuka. Caulerpa taxifolia wa kufugwa ulionekana katika bahari ya Mediterania karibu na Monaco mwaka 1984 na kuenea kwa kasi juu ya sakafu ya bahari. Mwaka 2000 mwani huo huo ulipatikana California, ambako kazi ya kuuondoa ilichukua miaka 6 hadi mwaka 2006 ulipotangazwa kuwa umetokomezwa, na jimbo hilo lilipiga marufuku aina kadhaa za Caulerpa mwaka 2001. Mwani wowote unaoutoa kwenye tangi, uwe wa aina gani, ukaushe kabisa kabla ya kuutupa, na usiumwage mahali ambapo maji yanaweza kuufikisha baharini. Hata kipande kidogo cha Caulerpa kinaweza kuwa mmea mpya.

Wakati wa mavuno, usiutoe mwani wote. Toa theluthi moja au nusu, na kabla ya kuutupa uweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi, uutikise kwa nguvu mara kadhaa, uuache dakika chache, kisha uutikise tena. Maji ya ndoo yatajaa kopepodi na amfipodi. Yaache yatulie, kisha wapeleke kwenye tangi kuu au warudishe katika refujiamu. Anayevuna kwa ajili ya mwani peke yake hutupa sehemu kubwa ya wakazi wake kila mara bila kujua, kisha hushangaa kwa nini hawaongezeki.

Taa haihitaji kuwa ya gharama. Mwani hutumia zaidi mwanga wa bluu na mwekundu, na taa za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya mimea hufanya kazi vizuri, sawa na taa nyeupe ya kawaida ya takriban kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga). Mimi huiwasha usiku, taa za tangi kuu zikiwa zimezimwa. Gizani viumbe wote hupumua na kutoa hewa ya ukaa, hivyo pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake, hushuka. Mwani unaomulikwa saa hizo huivuta hewa hiyo na kupunguza mshuko. Saa 12 zinatosha. Nguvu ya taa huichagua kwa kuwafikiria wanyama: upande mmoja wa chumba hubaki na kivuli, ama kwa kusogeza taa au kwa kufunika sehemu ya juu, kwa sababu amfipodi na kopepodi wengi wa chini huepuka mwanga mkali.

Hapa kuna jambo la kemia ambalo linastahili utulivu kidogo. Mwanasayansi wa bahari Alfred Redfield alionyesha mwaka 1934 kwamba planktoni wa baharini, yaani viumbe wadogo wanaoelea na maji, wana uwiano unaokaribiana wa kaboni, naitrojeni na fosforasi, unaoandikwa leo kama 106:16:1. Mwani mkubwa ni tofauti. Watafiti Atkinson na Smith, katika utafiti wa mwaka 1983 uliojumuisha mwani na majani ya bahari, walipata wastani wa takriban 550:30:1. Kwa mfugaji, maana yake ni kwamba mwani wa refujiamu hutumia naitrojeni nyingi sana kwa kila kipimo cha fosforasi, kwa hiyo naitreti inaweza kuisha kabisa huku fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini, ikiendelea kusoma juu. Mwani huanza kupauka, kisha hukatikakatika, na mtu huongeza taa akidhani mwanga hautoshi, jambo linalozidisha tatizo. Dawa ni kulisha zaidi au kupunguza saa za mwanga. Maji yaliyokaushwa virutubisho hayawafai wanyama pia, kwani wao hula utando wa bakteria na mwani mdogo unaotegemea virutubisho hivyo hivyo. Nikiona naitreti imefika sifuri, mimi huhesabu kwamba kuna kasoro ya kurekebishwa.

Kabla ya kutia wanyama, hakikisha chumvi iko karibu na gramu 35 katika kila kilo ya maji na joto liko kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na uache mawe yapate utando wa kahawia unaoteleza kidogo kidoleni. Utando huo ndio chakula chao cha kwanza. Funga koki ya refujiamu kwa muda, zima taa yake, elezesha chupa ya kopepodi majini mpaka joto lilingane, na kama chumvi ya chupa inatofautiana sana na ya tangi, changanya maji taratibu. Kisha wamimine karibu na mawe na uwaache watue kabla ya kufungua koki tena. Kopepodi wa chupa moja au mbili wanatosha, kwa sharti kwamba wapewe muda.

Baada ya hapo mimi hutia fitoplanktoni hai, yaani mwani mdogo sana unaoelea majini, kidogo kidogo. Nannochloropsis, ambayo seli yake ina upana wa mikroni 2 hadi 3 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), huwafaa walio wachanga, na Tetraselmis, ambayo ni kubwa zaidi, huwafaa waliokua. Zikichanganywa ni bora kuliko moja peke yake. Kipimo changu ni macho: maji yawe na rangi ya kijani hafifu na yawe yamesafika kabla ya siku inayofuata. Yakibaki ya kijani, nimezidisha. Tisbe huishi pia kwa masalio ya chakula cha samaki na taka zilizotua, kwa hiyo mfumo uliokwisha komaa huweza kupunguziwa fitoplanktoni bila madhara.

Vinavyowaangamiza viumbe hawa mara nyingi ni vifaa na dawa tunazoziamini. Soksi ya kuchujia ya mikroni 200 hunasa wakubwa wengi wanaosafiri na maji, taa ya mionzi ya kuua vimelea huua wale wanaopita ndani yake, na dawa yoyote yenye shaba ni sumu kwao hata ikiwa kidogo. Jiwe lililowahi kukaa katika tangi lililotibiwa kwa shaba lisiingie katika refujiamu. Mimi huweka soksi mahali ambapo maji ya refujiamu hayapiti, na samaki mgonjwa humtibu katika chombo cha pembeni. Samaki wa aina yoyote asiwekwe katika kimbilio, hata akiwa mdogo na mpole kiasi gani, na kaa aliyefichama ndani ya mawe mapya aondolewe mapema. Kuhusu misidi, wale wanaofanana na uduvi mwembamba anayeelea palepale, uamuzi ni wako: ni chakula kizuri cha samaki, lakini nao hula kopepodi.

Subira ndiyo inayowashinda wengi, hasa wanaomtaka samaki mandarini, Synchiropus splendidus. Samaki huyu hudonoa mchana kutwa, windo baada ya windo, na wengi hukataa chakula kilichotengenezwa. Akiingia katika tangi changa, humaliza kilichopo na kukonda hadi kufa, ilhali refujiamu iliyo chini ingeweza kumlisha kama ingepewa miezi kadhaa ya kujijenga. Mimi hupima utayari kwa kipande cha wavu wa plastiki kilichokunjwa, ninachokiacha kati ya mawe kwa wiki moja kisha kukikung'uta ndani ya bakuli jeupe lenye maji ya tangi. Nikiona wakubwa wenye mifuko ya mayai pamoja na wadogo wa saizi mbalimbali, kizazi kinaendelea. Nikiona wakubwa watupu bila wadogo, kuna kinachowaondoa watoto, na huanza uchunguzi kwenye kasi ya maji na kwenye soksi.

Hata baada ya samaki kuingia, siachi kila kitu kwa mkondo wa maji. Ninavyo vikapu viwili vya plastiki vyenye matundu, vilivyojaa vipande vya mawe. Kimoja hukaa katika refujiamu na kingine nyuma ya mawe ya tangi kuu, navyo hubadilishana zamu usiku, taa zikiwa zimezimwa, ili wanyama watawanyike kabla ya samaki kuamka. Muda wa kubadilisha huupanga kwa kumtazama mandarini kutoka mbele na kutoka juu: tumbo likiwa limejaa, vikapu hukaa muda mrefu, sehemu iliyo nyuma ya kichwa ikianza kubonyea, nabadilisha upesi na kuongeza chakula katika refujiamu.